Dirisha la Mercyline

Benchi yetu iko Biashara Street, imeegemea duka ya nguo ya Ridhaa, na hapo ndio serikali ya kweli hukaa. Kahawa ni ya Mabruki, mtu wa Lamu. Kuna Obuya, fundi wa simu tunayemwita Injinia, na Lenox, karani wa wakili, tunayemwita Askofu juu ya kuhubiria kila mtu. Halafu mimi, ambaye hunywa tu na kunyamaza, ingawa hao watakwambia vingine.

Hiyo asubuhi Mercyline alitoka dukani macho mekundu. Huyu msichana aliacha kazi ya risepsheni huko Hurlingham, kazi ya kukaa, ati anataka kupanga madirisha ya maduka. Mamake aliye Kinoo bado hajamsamehe. Ridhaa alimpa dirisha moja na sanamu ya kuvalisha nguo ajaribu, na leo dadake Ridhaa, mwenye duka haswa, alikuwa anakuja kuamua. Mpaka saa hiyo hakuna mtu alikuwa amesimama kuangalia.

— Kwa nini hawasimami? akatuuliza.

Manze, alijua kutuchokoza. Injinia akasema shida ni sanamu yake kusimama tu kama askari wa benki.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa yako lazima itembee. Nitaifungia mota ya waipa ya gari.

Askofu akakataa. Kwake methali ni usione vyaelea, vimeundwa, kwa hivyo sanamu ining'inizwe juu kwa kamba, watu wadhani ni muujiza, na sadaka ipitishwe hapo hapo. Mabruki, akimimina, akasema pole pole kwamba biashara haitaki vurugu: fukiza udi, mteja ataletwa na pua. Mimi nikashauri waweke mtu wa ukweli ndani, nikajitolea. Wakanicheka. Walai bado nimekasirika.

Mercyline aliacha kusikiliza. Alisimama mlangoni amekunja mikono, na ilibaki kidogo tu alie.

Hapo akafika mama mmoja wa buibui, akachungulia juu ya vichwa vyetu, akaitikia salamu ya Mabruki na kupokea kikombe. Akasikiliza mota, kamba na udi, mpaka Injinia akaanza kupendekeza droni.

— Samahani, wanangu. Hiyo sanamu imevaa nini?

Injinia akaangalia Askofu. Askofu akaangalia kikombe. Tulikuwa tumeligeuzia dirisha mgongo tangu duka ifunguliwe, na mpita njia angeona vichwa vyetu tu. Mimi niliona aibu hata ya kugeuka.

Yule mama akarudisha kikombe.

— Mimi ndiye Sahar, dadake Ridhaa. Mercyline, kazi ni yako. Anza kwa kuwaondoa hawa.

Tukabeba benchi wenyewe mpaka ng'ambo ya barabara, tukakaa, tukaangalia. Sanamu haikuwa imesimama. Ilikuwa imeketi kwa benchi, gauni ya kijani, mguu juu ya mguu, kikombe cha kahawa mkononi, na watu walikuwa wameanza kusimama.