Mwalimu Fausta Joakimu Bura, Mwenye Tanuru la Getanuwas

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu waombolezaji, poleni. Mimi ni Judica, mtoto wa kwanza wa marehemu. Nimeombwa nisome kwa kifupi na nisiguse habari za tanuru. Kwa kifupi nitasoma.

Marehemu Fausta alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Bashay, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Joakimu Bura na Mama Lucia, wakulima na wafugaji. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bashay, na sekondari Mbulu mjini. Alipochagua kemia, mwalimu mmoja alimshauri achukue mapishi. Alijibu kwamba kupika anajua tayari. Alihitimu ualimu mwaka 1994, akafundisha kemia hapa Hanang mpaka alipoanza kuugua.

Mwaka 1998 alifunga ndoa na baba yetu, Gidamis Gidahosh wa Getanuwas. Mwiraqw kuolewa na Mbarbaig, maneno hayakukosekana pande zote mbili. Waliosema haitafika mbali wapo hapa leo, na wanakula kwake.

Mwaka 2006 alijenga tanuru la udongo nyuma ya zizi, ili atengeneze shanga za kioo. Ukoo ulikasirika. Kwetu moto wa kuyeyushia ni wa wahunzi na watu wao. Asiye mhunzi haugusi. Mama aliwasikiliza wazee, akawaaga kwa heshima, akarudi kuvuta mivukuto ya kupulizia moto wake.

Wanafunzi wake aliwaeleza hivi: mchanga peke yake hauyeyuki kwa moto wa mkaa, lakini ukiuchanganya na magadi unakubali mapema. Basi alichota magadi ziwani Balangida na kuyatia bila huruma. Shanga za kwanza zilitoka zinang'aa, akamshonea mama mkwe wake kwenye sketi ya ngozi. Bibi akaenda nazo sherehe, mvua ikamkuta huko. Shanga zikafifia na kuteleza kama sabuni.

"Fausta, mwanangu," Bibi alimwuliza, "umenishonea shanga au pipi?"

"Magadi yamezidi, Mama, na chokaa sikuweka. Nitarudia."

Kioo cha mchanga na magadi tu maji hukila. Chokaa ndiyo inayokishikilia. Mama alirudia misimu mingi. Akipunguza magadi, mchanga unagoma kuyeyuka. Akizidisha chokaa, kioo kinapata ukungu. Alipopata kipimo chake, aliongeza unga wa shaba kidogo, zikatoka shanga za rangi ya anga. Bibi yupo hapa mbele, amezivaa. Mvua zote za Hanang zimempiga nazo. Anayebisha asogee aziguse.

Mwaka 2023 Mama alianza kuumwa, na vipimo vikaonyesha saratani ya titi. Alitibiwa, akapata nafuu, kisha ikarudi. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Juni 2025, Baba akiwa amemshika mkono. Alikuwa na maumivu makali na hakuyaficha. Siku nyingine alilia, na sisi tulilia naye.

Yanayosemwa kule kwenye masufuria nimeyasikia: kwamba moto wa wahunzi ndio uliomuua. Baba mdogo Nikolausi ametangaza kwamba tukitoka makaburini tanuru linabomolewa. Baba mdogo, nakuheshimu sana. Lakini dada yako, shangazi Imakulata, tulimzika kwa ugonjwa huu huu, na mvukuto hakuwahi kuushika. Yeye tulimbomolea nini?

Jana Bibi alimwita Baba mdogo mbele yetu sote, akasimama kwa fimbo yake. "Nikolausi, ukitaka kulibomoa, anza kwa kunivua sketi hii." Tunangoja jibu mpaka sasa.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, mimi, Kelvin na Tekla, wajukuu wawili, mama mkwe aliyempenda, na wanafunzi ambao wengine wamebeba jeneza hili. Moshi mnaouona nyuma ya zizi si wa jikoni. Kelvin ameliwasha tanuru alfajiri, kwa ruhusa ya Baba. Mchanga, magadi na chokaa vimeshaingia, kwa kipimo chake.

Mama apumzike kwa amani. Tanuru halipumziki.