Nafasi Mbili Kwenye Kamba ya Kaka

Baba padre, wafiwa wenzangu, majirani na waumini wote, hata mliokosa nafasi mkasimama nje juani, mnisamehe nikisoma mbiombio. Kutotulia ni ugonjwa wa ukoo wetu, na aliyeugua kuliko sote ndiye tunayemzika leo.

Kaka yangu mpendwa, fundi maturubai, ambaye parokia nzima ilimwita Kiguu na Njia, alizaliwa Jumapili tarehe 12 Agosti 1956, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Mama alikuwa ameshavaa kwenda misani uchungu ulipomshika. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu hakuweza kusubiri hata baraka ya mwisho, na baba alimjibu kwamba mtoto alikuwa anawahi kupanga viti. Alibatizwa mwezi uliofuata katika kanisa hili hili, wakati huo likiwa na kuta tatu na turubai upande wa nne. Sisi wadogo zake tulimtania kwamba alilitazama turubai lile akiwa bado mikononi mwa mama yake wa ubatizo, akaona limeshonwa vibaya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964. Mwalimu wa darasa la tatu, alipochoka kumwambia "kaa chini", alimkabidhi kengele ya shule ili apate sababu halali ya kusimama. Shule ikajuta, maana mapumziko yalianza kufika mapema kila siku na hakuna aliyejua kwa nini. Hesabu alizimudu vizuri, imla ilimpiga chenga. Alimaliza darasa la saba mwaka 1970.

Mwaka 1972 alipokelewa kujifunza kazi katika karakana ya maturubai, na mwaka 1983 akafungua ya kwake, mtaa wa mafundi, katikati ya mchomelea vyuma na muuza matairi. Wengi wenu mmeiona. Turubai lilitandazwa sakafu nzima, naye akitembea juu yake pekupeku, chaki sikioni, uzi wa nta mdomoni, akiongea na mteja, na mpita njia, na redio. Alishona vifuniko vya malori, mahema ya harusi na vivuli vya maduka. Kiti pekee alichokivumilia ni cha cherehani ya mguu, kwa sababu pale angalau mguu ulikuwa na shughuli.

Jumamosi tarehe 25 Aprili 1981 alifunga ndoa na wifi yangu, sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Wakiwa meza kuu, watu wakisubiri keki ikatwe, bwana harusi aliona kamba moja ya hema imelegea. Akanyanyuka na suti yake, akatoka, akapiga kigingi kwa jiwe. Wifi alikaa na kisu mkononi akitabasamu kwa wageni. Aliporudi akamwambia, "Leo nimekusamehe, lakini sitakuwa na keki kila siku." Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kiume wawili na wa kike mmoja.

Sasa nije kwenye kazi iliyomfanya ajulikane na kila mtoto wa hapa. Zamani watoto walitolewa kanisani mahubiri yakianza, wakapelekwa nyuma ya ukumbi na katekista aliyekuwa na fimbo. Kaka hakuipenda habari hiyo hata kidogo. Mwaka 1994 alimfuata padre wa wakati ule, akamwambia, "Padre, mtoto akilia misani, hiyo ndiyo Amina yake." Padre akamtazama kijana mdogo wa kaka aliyekuwa anapiga kelele mlangoni, akasema, "Basi huyu wako ana Amina ndefu." Lakini alikubali, na ndivyo ilivyozaliwa Misa ya Familia ya Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Mnaijua. Baba, mama, bibi, babu na watoto wanakaa benchi moja. Mtoto anasoma somo la kwanza, na akikwama kanisa zima linamsubiri. Baada ya misa tunatoka uwanjani chini ya hema la kaka, na kuna mbio za magunia, mbio za yai kwenye kijiko, na mwisho kuvuta kamba, ukoo kwa ukoo, watu sawa kila upande. Kamba ile aliisuka mwenyewe, akafunga kitambaa chekundu katikati. Siku hiyo alikuwa hashikiki. Mara yuko madhabahuni anasogeza kipaza sauti kwa msomaji mfupi, mara yuko mlangoni anapokea vikongwe, mara yuko uwanjani anamfokea mtu mzima aliyeshika yai kwa kidole gumba.

Kiherehere hicho kilitujenga. Siku moja kilitubomoa, nami nimetumwa niseme.

Kabla ya baraka ya mwisho padre alikuwa akiwaita wazazi wasimame na watoto wao, kila mzazi aweke mkono kwenye kichwa cha mtoto wake. Jumapili tarehe 29 Septemba 2013, mtoto wa kwanza wa kaka, fundi umeme, alikuwa amekaa benchi la mbele na mke wake mwenye duka la dawa. Walikuwa wameoana miaka kadhaa, hawakuwa na mtoto. Wazazi waliposimama, wao walibaki wamekaa, kama kila mwezi. Kaka aliona benchi la familia yake limekaa na kanisa zima limesimama, akashindwa kuvumilia. Alichukua mtoto mchanga wa jirani, akamweka mapajani kwa mkwe wake, akasema, "Shika huyu, mkwe wangu, msikae mikono mitupu." Sauti yake ilikuwa imezoea kuita watu ng'ambo ya barabara. Kanisa zima lilisikia, na kuna waliocheka.

Mkwe wetu alimshika yule mtoto mpaka baraka ikaisha. Akamfunika vizuri, akamrudisha kwa mama yake, akatoka. Mume wake akamfuata. Hawakukanyaga tena hapa mpaka msiba huu.

Nyumbani kaka alikuwa bado haelewi. "Mimi nilitaka wasimame na wenzao," alisema.

Wifi hakunyanyua hata sauti. "Hawakukuomba uwasimamishe. Umewavua nguo mbele ya watu."

Ndipo nilipomwona kaka yangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, amekaa bila cherehani.

Hakukaa sana. Alimfuata padre, wakabishana wiki kadhaa, na tangu wakati huo baraka inawainua watu wote. Aliyekuja na mtu humwekea mtu wake mkono, na aliyekuja peke yake hufuatwa alipo. Wengi mnadhani utaratibu huo ulitoka juu. Ulitoka kwenye aibu ya kaka.

Kuomba msamaha ndiko kulikomshinda. Mtu aliyeweza kuamrisha malori yarudi nyuma, ulimi ulimwia mzito mbele ya mwanawe. Alikwenda dukani kwao mara nyingi. Akifika alikuta kivuli cha duka kimelegea, au alijitafutia kilicholegea, akapanda kiti na kuanza kukaza. Mwanawe aliniambia jinsi ilivyokuwa. Anamshikia baba yake kiti, baba anashuka, anapangusa mikono.

"Baba, kivuli kimekaa sawa. Kuna lingine?"

"Hapana. Ni hilo tu."

Kisha huyo, ameondoka, anatembea haraka kama anayekimbizwa.

Huku parokiani kwenye kuvuta kamba alianza mtindo ambao wengi waliuona ni ukaidi. Timu yetu ilisimama pungufu ya watu wawili, na alituachia nafasi mbili wazi kwenye kamba, nyuma yake. Kila mwezi tuliburutwa kama magunia. Majirani walituonea huruma, wakajitolea watu. Mimi mwenyewe nilimgombeza, magoti yakiwa yamechubuka, nikamwambia, "Kaka, jaza nafasi, tunaaibika!"

Alijibu vilevile kila mara. "Wenyewe wapo."

Na katikati ya misa mlimwona akigeuka kutazama mlango. Mlidhani anawahesabia dhambi wachelewaji. Alikuwa anawasubiri wale wawili, na kila mlango ulipolia shingo yake iliruka.

Mwaka jana mwishoni alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Daktari alimwambia moyo umepanuka, akamwamuru apumzike. Kaka alimuuliza apumzike vipi, aelekezwe. Tulimficha ufunguo wa karakana, akaanza kutembea varanda hadi geti, geti hadi varanda, akishika ukuta. Mwezi Mei mwaka huu, 2024, alilazwa. Manesi walilalamika kwamba alikuwa anakaza mapazia ya wodi.

Mwanawe na mkwe wake walikuja kumwona. Mkwe alizisoma dawa zake moja moja, akazipanga, akakaa pembeni ya kitanda mchana kutwa. Walipoondoka nilimuuliza kaka kama amesema.

"Nimeongea habari za mvua," akanijibu, na machozi yakamtoka.

Nilimwambia awaite warudi, amwombe msamaha pale pale, yaishe. Akakataa. "Nilimkosea mbele za watu. Nikimwomba pembeni, nitakuwa nimemdanganya. Nikitoka hapa, Jumapili ya mwisho wa mwezi nitasimama niseme. Nisipotoka, wasifu wangu utausoma wewe, si unapenda kipaza sauti? Useme wewe."

Hakutoka. Alifariki asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Juni 2024, wifi akimwimbia, miguu yake ikicheza chini ya shuka hadi karibu na mwisho.

Kaka alikosea kwa sababu hakuuliza. Sisi safari hii tumeuliza. Jana nilikwenda na karatasi hizi kwa mkwe wetu. Kwanza, damu ni damu, nikamuuliza kama chai imetosha, kama maturubai yamefungwa, kama viti vimefika. Mwisho nilipiga moyo konde nikampa asome. Alisoma hadi hapa, akaomba kalamu, akafuta neno moja pale nilipokuwa nimeandika "maskini". Akanirudishia.

"Soma, shangazi. Ila usinionee huruma."

Basi sikuonei. Mbele ya madhabahu ile ile na watu wale wale, nasema kwa niaba ya kaka yangu, kwa maneno aliyonipa kitandani: Mkwe wangu, mwanangu, ninyi wawili mlikuwa familia kamili siku ile. Mwenye upungufu nilikuwa mimi. Nisameheni.

Jibu si langu kulidai, na hakuna atakayewageukia kuwatazama. Tazameni mbele, tafadhali, hasa ninyi wa kwaya.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe, wajukuu wanne, dada mmoja ambaye ni mimi, kaka mmoja, hema moja, na watoto wa parokia ambao hawajui kwamba kuna makanisa ya kukaa kimya. Misa ya Familia itakuwepo Jumapili tarehe 30 kama kawaida. Alishasema atakayeiahirisha kwa ajili ya msiba wake atamwona.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Wifi yangu ameamua kwamba kaka atashushwa kwa kamba yake ileile, yenye kitambaa chekundu. Fundi mchomelea vyuma na muuza matairi watashika upande wa miguu. Kijana wetu mdogo na dada yake watashika katikati. Upande wa kichwa zimebaki nafasi mbili. Tangu asubuhi mmekuja wengi, kwa upendo, kuniomba niwape. Nimewajibu kama ambavyo yeye angewajibu.

Wenyewe wapo.

Ee Bwana, mpokee fundi huyu, umpe kiti, na safari hii akae.