Marehemu Telesphor Kaijage, Aliyewalilia Wafu wa Nantgwern

Padri, wazee wetu, majirani wa Tottenham na nyote mliokuja na mvua hii: poleni kwa baridi, poleni kwa msiba. Ninayesoma ni Adelina, binti wa baba mdogo wa marehemu. Watoto wameniomba niandike kwa Kiswahili ili wazee wasikae hapa wakitazama midomo tu. Nimechoka, nanyi mmechoka, kwa hiyo sitapamba mambo.

Marehemu, ambaye jina lake mnaliona juu ya karatasi hii, alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 huko Kanyigo, Bukoba. Alikuwa mtoto wa pekee. Hajajua hata kukimbia vizuri, baba yake aliandikishwa jeshini akapelekwa Burma, na mwaka 1944 zikaja habari kwamba amefia huko. Maiti haikurudi, wala kaburi halikujulikana. Wazee wakafanya kama ilivyo desturi ya kwetu: walikata mgomba, wakauvika shuka, wakauzika kibanjani, shambani pale nyumbani, wakalia. Bibi yake alikuwa akimwambia, "Baba yako yuko hapa," na mtoto anajua fika kwamba chini pale kuna mgomba. Jambo hilo lilimkaa rohoni mpaka uzee.

Alisoma shule ya misheni Kashozi, kisha Ihungo. Tusidanganyane mbele ya jeneza, alikuwa mwanafunzi wa kawaida tu. Alichojaliwa ni sauti. Akisimama kusoma somo kanisani, hata vichanga vilinyamaza. Mwaka 1960 alianza uuguzi hospitalini Bukoba, na Septemba 1966 akaja London kuongeza masomo. Akabaki kwenye wodi za wazee mpaka alipostaafu mwaka 2001, akiwageuza watu kitandani huku mgongo wake mwenyewe umekwisha. Alikuwa na msemo wake: "London haikuui, inakuchosha mpaka ufe mwenyewe."

Ni wodini humo alimokutana na Margaret, nesi mwenzake, mzaliwa wa Nantgwern, kijiji cha Wales chenye kanisa moja, duka moja, na kondoo wengi kuliko watu. Novemba 1969 Margaret alimpeleka kwao akaonekane. Walifika siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Kijiji kizima kilisimama mvuani mbele ya jiwe lililo nje ya kanisa, majina yakasomwa moja moja, ya vita vya kwanza na vya pili, wanawake wakafuta machozi. Kisha, lahaula, kila mtu akaenda zake nyumbani! Marehemu akaduwaa. Akamuuliza Margaret, "Matanga yako nyumba gani?"

"Matanga gani? Vita viliisha zamani."

"Maiti zao zilirudi?"

"Nyingi hazikurudi."

"Basi msiba haujaisha."

Akaingia dukani, akanunua sukari na majani ya chai, akaanza kupita nyumba kwa nyumba akitoa pole. Margaret alitamani ardhi ipasuke. Wengine walipokea sukari ile wakiwa wamesimama mlangoni, hawajui wacheke ama waite polisi. Lakini Bibi Olwen, ambaye mwanawe alizama na meli mwaka 1941, alimtazama kijana huyu aliyelowa chapachapa, akasema, "Tangu mwanangu azame, hakuna aliyekuja kukaa nami." Wakakaa. Jioni ilipofika alikuwa amekwisha kumsimulia habari za mgomba, na yule bibi hakucheka. Aliuliza tu jina la baba yake.

Mwaka uliofuata, jina hilo likasomwa pamoja na ya kijiji. Wazee wa kanisa walinung'unika kwamba huyo si mtu wa hapa. Bibi Olwen akawajibu, "Na mwanangu si mtu wa baharini, lakini ndiko alikolala." Kaka yangu aliniambia kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza, alihisi kuwa baba yake amezikwa.

Pale Nantgwern wana sheria moja, na ndiyo iliyomtesa baadaye, kwa hiyo isikilizeni. Mtu hasomi wa kwake. Ukisoma jina la mtu wa nyumba yako sauti itakatika, na anayefuata atakosa haki yake. Wako anasomewa na mwingine, nawe unamsomea wa mwenzako.

Alifunga ndoa na Margaret tarehe 6 Juni 1970, wakajaliwa Titus na Marcelina. Bibi Olwen alipofariki mwaka 1983, kazi yake ya kusoma majina alimwachia kaka yangu. Usidhani watu waliigombania. Margaret alimfundisha kuyatamka majina yale jikoni, yeye akimenya ndizi, mpaka ulimi ukakubali. Kila Novemba akitoka zamu macho mekundu, anapanda treni, kisha basi, kisha miguu. Titus alikuwa akimwambia, kwa Kiingereza chake kile, kwamba hao si watu wetu. Alimjibu, "Wamenililia baba yangu. Unataka wawe nani tena?"

Lakini kijiji nacho kilichoka. Vijana waliondoka, wazee wakafa, na mwaka 2004 kanisa liliuzwa likawa nyumba ya wageni wa kiangazi. Jiwe likabaki nje, kando ya barabara. Jina la baba yake lilikuwa likisomwa na Margaret, maana kwa sheria yao mke alihesabiwa wa nyumba ya wazazi wake. Mwaka 2009 Margaret naye akatutoka. Tangu hapo kaka yangu alikuwa akienda, anasoma majina yote mbele ya kondoo, anafika mwisho, ananyamaza, anarudi London. Watoto wake ni damu ileile, mimi vilevile. Nilimkasirikia. Nikamwambia, "Kaka, lisome mwenyewe basi, nani atakusikia huko porini?" Akasema, "Yeye atanisikia." Alikuwa mbishi, Mungu amsamehe, na ubishi ule ulimliza. Alichoogopa si kufa. Aliogopa kwamba baba yake atarudi kuwa mgomba.

Mwaka 2017 aligundulika ana saratani ya mapafu. Novemba iliyopita hakuweza tena treni. Marcelina alikuwa kazini, Titus yuko mbali, na daktari alishasema asitoke. Akagonga mlango wa jirani yake wa chini, Mzee Abdulsamad, ambaye ana gari na maneno mengi. Mzee ameniruhusu kuyasema haya.

"Weye mgonjwa, wenda kufanya nini Wales na mvua yote hii?"

"Kuwasomea wafu."

"Lo! Kwani hapa London wamekwisha?"

Alilalamika njia nzima, ila alimfikisha. Kaka yangu alisoma akishikilia jiwe, pumzi zinakatika, mzee amemshikia mwavuli. Akafika mwisho akanyamaza.

"Ushamaliza?"

"Bado mmoja. Huyo siruhusiwi, ni baba yangu."

Alipoelezwa, Mzee Abdulsamad aliuliza jina, akalitoa kwa sauti kama ya adhana, kondoo wakatawanyika. Kaka yangu akalia kama mtoto. Kisha akafuta uso, akauliza, "Na wewe, una nani?"

Miaka yote wakiishi ghorofa moja juu ya nyingine, mzee hakuwahi kusema kwa nini aliondoka Unguja. "Nna ndugu yangu," akasema. "Matar. Walimchukua nyumbani mwaka sitini na nne. Hatukupewa hata nguo yake." Basi ile pumzi kidogo iliyobaki, kaka yangu akaitumia kumsoma Matar.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 17 Januari 2019, Marcelina akiwa amemshika mkono. Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, mimi dada yake, na watu wa Nantgwern, ambao hawana wa kuwasomea. Marcelina amesema Novemba atakwenda yeye, na Matar atakuwamo. Amesema kwa Kiingereza, lakini amesema.

Mtakuwa mmegundua kwamba tangu nianze kusoma sijalitamka jina la kaka yangu, wala la baba yake. Si kusahau. Mimi ni wa nyumba yao, na nimeheshimu sheria aliyoiheshimu yeye. Mzee Abdulsamad, tafadhali sogea mbele kabla udongo haujaingia. Tusomee wote wawili, baba na mwana. Kisha tumwache apumzike kwa amani ya Mungu, maana amechoka.