Bustani Yenye Upana wa Hasi Moja

Ijumaa, tarehe 28 Juni, mwalimu wetu wa hisabati ataufunga mlango wa chumba namba tano kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Wanafunzi humwita Mama Mchoro, nasi walimu wenzake pia, akishatoka ofisini.

Jina hilo alilipata kwa haki. Darasani kwake huandiki mlinganyo kabla ya kuchora umbo, na jibu likipatikana lazima lirudishwe kwenye mchoro kuona kama linakaa. Mumewe alipotaka kujenga banda la kuku, naye aliambiwa achore kwanza. Kuku walilala jikoni wiki nzima.

Wachache wanajua kwamba desturi hiyo ilizaliwa na kosa. Mwaka wake wa pili kazini, kabla hajathibitishwa, alitunga swali la mtihani wa mchujo: bustani ya mstatili ina mzingo wa mita 36, na urefu wake unazidi upana kwa mita 20. Alikusudia kumi. Ukitatua milinganyo miwili, urefu ni 19, upana ni hasi moja. Karibu darasa zima lilidondosha ile alama ya hasi kimyakimya, maana mwalimu hakosei, na msahihishaji akawapitisha. Binti mmoja tu aliandika kwamba bustani hiyo haipo. Akapewa sifuri, na kwa alama mbili akakosa nafasi ya kufanya mtihani wa mwisho.

Majina yalikuwa yameshabandikwa. Mama Mchoro angeweza kunyamaza. Badala yake alisimama kwenye kikao cha walimu, akachora mstatili ubaoni, akawaomba wakubwa wake wamwonyeshe upana wake. Alipewa onyo, na kuthibitishwa kwake kukasogezwa mbele mwaka mzima. Binti alirudishiwa alama zake, akafanya mtihani, akafaulu.

Tangu hapo kila darasa jipya hupewa swali lile lile bila kuonywa, na kila mwaka wengi hudondosha hasi.

Jumanne iliyopita, katika kipindi chake cha mwisho, aliliandika tena. Kalamu zilikimbia, zikapunguza mwendo, kisha zikawekwa chini, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho. Sauti ikatoka nyuma: "Mama, hapa hatulimi." Darasa likacheka. Yeye aligeukia ubao, akaufuta taratibu mno, na hakugeuka upesi.

Mama yetu, asante. Tunakuombea afya na mapumziko marefu. Siku ukitaka kupanua lile banda, tuite. Tutakuja na mchoro mkononi.