Zagozda wa Tengeru

Kijiwe cha Zhanxi, jijini Guangzhou, hakina benchi, kina marobota. Nje ya ofisi ya mizigo ya Abdulwakil, jirani na maduka ya viatu vya jumla, watu hukalia mzigo unaongoja kontena. Mzigo ukishaondoka, mnahamia wa mwenzenu au mnasimama. Abdulwakil ni mtu wa Mombasa, na kwa ajili ya dele lake la kahawa ya tangawizi kila mtu humwita Sheikh Dele. Oktoba ile ya 2007, msimu wa maonyesho ya biashara ya Pazhou, Guangzhou nzima ilikuwa mbioni: mikokoteni inapiga kelele, bei zinapanda, nasi Waafrika tumejaa mpaka wenye hoteli wanatuchagua. Alasiri hiyo Joachim alifika kijiweni na uso mzito, beji ya maonyesho ingali shingoni: Joachim Zagozda, Tanzania. Pale kijiweni, kwa ajili ya ukoo huo wa Kipolandi, jina lake ni Poland, na hajawahi kulikasirikia.

— Poland, mbona umenuna kama umeuziwa viatu vya mguu mmoja? aliuliza Abdulwakil, akimsogezea kikombe.

— Nimekutana na mwenzangu.

— Mwenzako gani?

— Zagozda. Mzungu.

Muthoni, mnunuzi wa nguo za watoto kutoka Nairobi, waliyembatiza Mama Kontena, aliacha kuhesabu mifuko yake.

— Aki! Wacha!

Ndivyo ilivyokuwa. Jana, kwenye banda la pampu za maji kule Pazhou, mzungu mmoja mwenye upara alisoma beji ya Joachim, akainua ya kwake, wakabaki kukodoleana macho. Mzungu akacheka, akamkumbatia mbele ya Wachina. Akasema kwao Poland jina hilo ni adimu, wenye nalo hawajazi hata ukumbi mdogo wa harusi, na karibu wote anawafahamu. Kisha akauliza: wewe umelipata kwa nani? Joachim akajibu kwamba ni historia ndefu, atamsimulia leo jioni wakila. Historia ndefu! Hakuwa nayo hata fupi.

— Na nyinyi kwenu mko wangapi? aliuliza Rotich. Huyu ananunua viatu vya kupeleka Eldoret, na anaitwa Prof kwa kuwa aliwahi kusoma chuo mwaka mmoja.

— Sisi? Tukizika mtu, Zagozda peke yao wanajaza kanisa. Kuna fundi Zagozda, kuna mwalimu Zagozda, hata bucha.

— Maze, basi wao ndio tawi, nyinyi ndio makao makuu!

Walicheka. Joachim naye alicheka kidogo, halafu akawaeleza anachokijua. Wakati wa vita kuu ya pili Waingereza waliwaleta wakimbizi wa Kipolandi pale kwetu Tengeru, wengi wao kina mama na watoto. Walijengewa vibanda vya duara, wakawa na shule na kanisa. Makaburi yao yapo hadi leo. Babu alifanya kazi humo kambini. Wapolandi wakaondoka, jina likabaki na babu, ambaye sasa ni marehemu.

— Hiyo ni rahisi, alisema Rotich. Sisi mtoto huitwa kwa jambo lililokuwepo akizaliwa. Mimi ni Rotich kwa kuwa ng'ombe walikuwa wanarudi zizini. Kwa hiyo Zagozda kwa Kipolandi lazima ni mvua, au nzige. Babu alizaliwa siku ya nzige.

— Prof, babu alikuwa na ndevu Wapolandi walipofika.

— Haraka haraka haina baraka, alijibu Rotich. Methali hiyo ilihusu nini hakuna aliyejua.

— Mei you! Muthoni alimkatalia kama wanavyokataa wenye maduka kule soko la nguo la Shahe ukiwatajia bei ya chini. — Kwetu jina hufuata undugu. Mtoto wa pili wa kiume anachukua jina la babake mama. Sasa hesabu mwenyewe. Huyo mzee alioa kambini, buda! Bibi yako alikuwa Mpolandi.

— Bibi yangu ni Mmeru, mweusi tii. Kanilea.

— Basi bibi wa kwanza. Waliachana kwa siri. Si unaona hata pua yako?

Pua ya Joachim ikakaguliwa na kijiwe kizima, ikaonekana ni pua ya kawaida.

Abdulwakil alikuwa ametulia, na akitulia ujue anapika jambo.

— Mmekosea njia nyote. Hili jina haliwezi kuwa la huko. Za-go-zda. Hebu lisikilizeni. Hili ni la bara letu! Zamani za kale askari wa Kiafrika alichukuliwa vitani, akafika mpaka Poland, akazaa. Wajukuu wakapauka kwa baridi, jina likabaki. Vita vilipokuja, Mungu akawarudisha Tengeru kulirejesha jina kwa wenyewe. Jioni mwambie huyo mzungu, yeye ndiye mgeni. Mwacha asili ni mtumwa!

Walishangilia, ila Joachim hakushangilia. Neno lile la mwisho lilimchoma.

— Sheikh, hilo hilo ndilo linaloninyima usingizi, alisema. Mke wangu Edina kajifungua, mtoto wa kiume. Jumapili anabatizwa, mchungaji anataka majina kamili, na baba kasema niamue mwenyewe. Sasa mimi najiuliza. Pengine babu hakupewa jina kwa upendo. Pengine palikuwa na bwana Zagozda, na babu alikuwa boi wake, watu wakawa wanamwita wa Zagozda kama wanavyosema ng'ombe wa fulani. Wameru wa pale kila mmoja ana ukoo wake. Sisi ukoo wetu ni hilo. Naona haya kumpa mwanangu. Na kulitupa naogopa, maana nikilitupa sina lingine.

Hapakuwa na utani tena. Muthoni alimshika bega.

— Lakini babako kalibeba, na nyinyi mmelibeba. Si lishakuwa lenu?

— Ndivyo ninavyotaka iwe.

Juu ya robota la pembeni alikuwa amekaa Mwanahija, mwanafunzi kutoka Tanga, mgeni wa wiki ile, aliyekuja kuulizia bei ya kutuma kifurushi nyumbani. Kahawa alipewa, mazungumzo akayasikiliza kimya kama mtu mwenye adabu zake. Sasa akakohoa kidogo.

— Samahani, kaka Joachim. Sisi kwetu mtu akitajwa, anatajwa na babake na babu yake. Mimi ni Mwanahija binti Bakari bin Salimu. Huyo babu yako, kabla ya kwenda kambini, aliitwa nani?

Joachim alishika beji yake shingoni.

— Alikuja Tengeru kutafuta kazi, alisema. Alitokea mbali.

— Mbali wapi?

Rotich aliangalia viatu vyake. Abdulwakil aliinamisha dele, likatoa tone moja, akaliweka chini. Saa nzima walikuwa wamemtafuta Zagozda wa Poland na wa Afrika ya kale, na yule mzee mwenyewe, aliyekuwa na mama aliyempa jina, hawakumtafuta hata mara moja. Joachim alijisikia vibaya hasa, vibaya kuliko alivyojisikia kwa lile la boi.

Alitoa simu, akakwangua kadi, akapiga Tengeru palepale mbele ya wote. Baba alipokea haraka.

— Umepata jina?

— Bado, baba. Kwanza nataka kujua la babu. La zamani, alilopewa na mamake.

— Mimi sikuwahi kumuuliza, baba alisema. Nilidhani amekwambia wewe. Si wewe ndiye uliyekuwa ukilala naye chumba kimoja utotoni?