Giaboksi ya Bi Harusi

Katika basi la Kilwa Masoko, Mzee Fakihi wa Kikole aliibana giaboksi ya Landrova yake kuukuu miguuni.

"Shikamoo, baba. Mwenzako huyo kalipa nauli?" aliuliza mama wa kiti jirani.

"Marahaba. Wamlipie wakubwa, mashimo ya barabara yao ndiyo yaliyomuua."

Injini aliifufua mwenyewe sebuleni. Tangu afiwe na mkewe, nani amgombeze kwa oili? Giaboksi ndiyo aliyoifunga vibaya: ukitia gia yoyote, gari linarudi nyuma. Na Jumamosi alitaka limpeleke binti yake kwa mumewe, kama lilivyomleta mama yake.

"Fundi akishindwa, mpeleke kinyumenyume. Atatuona vizuri tunaomsindikiza," alisema yule mama aliposimuliwa hayo yote.

"Mnaomsindikiza nyie nani?"

"Nimeshajialika, baba!"

Mzee alijaribu kununa, lakini basi likasimama mbele ya gereji. "Haya, mwalikwa," akasema, "shika upande huo."