Dakika Arobaini Kwenye Benchi la Chaja

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi wetu, wakuu wa idara, ndugu wageni kutoka kampuni za jirani ambao kuanzia leo magari yenu yatachajiwa kwenye yadi hii, mafundi, madereva wenzangu, na akina dada wa chumba cha pasi ambao nawaona pale nyuma mnatazama saa: nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja kwa nafasi yake. Kama kuna niliyemruka anisamehe. Karatasi niliyopewa ina vyeo vingi, na miwani nimeisahau garini.

Jumatatu Mkurugenzi aliniita ofisini akanieleza kwamba madereva wamenichagua niseme kwa niaba yao, na kwamba nina mambo mawili ya kusema: kwanza nizisifie chaja mpya, pili nimuage dereva mwenzetu anayestaafu leo, yule aliyekaa mstari wa pili, mwenye koti la kijivu, ambaye yadi nzima inamwita Mzee Themanini. Alinipa dakika tano. Nikamjibu kwamba dakika tano hazinitoshi hata kusalimia, akacheka, nami nikatoka nikijua kwamba nimeingia matatani. Kwa sababu mambo hayo mawili, Mheshimiwa mgeni rasmi, kwangu mimi ni jambo moja. Na ndani ya jambo hilo kuna neno ambalo sijawahi kumwambia Mzee Themanini, na kesho saa mbili asubuhi anapanda basi kwenda kuishi kwa mwanawe wa kwanza, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Nisiposema leo, nitamwambia nani?

Nianze na chaja, nisije nikaambiwa nimekwepa nililotumwa.

Ni nzuri. Sisemi kwa kujipendekeza. Chaja kumi na mbili, zimepangwa chini ya paa, nyaya zake nyepesi hata mimi mwenye bega bovu naziinua kwa mkono mmoja. Zile tulizokuwa nazo zilichukua dakika arobaini kulifikisha gari asilimia themanini. Hizi, anavyosema fundi wetu wa umeme, ni dakika kumi na mbili tu. Magari ya mikate yataingia hapa alfajiri na kutoka kabla mikate haijapoa. Dereva wa teksi ataangalia simu yake, ataona nafasi iko wazi, atakuja moja kwa moja, badala ya kuzunguka mitaani na asilimia sita roho ikiwa mkononi. Nani kati yetu madereva hajui hofu hiyo? Nani hajawahi kuzima kiyoyozi, akazima redio, akapanda mlima huku ameinamia usukani, eti gari liwe jepesi? Mkurugenzi, umetuondolea hofu hiyo, na madereva wote wamenituma nikushukuru. Asante sana.

Sasa naomba niulize. Hizo dakika ishirini na nane tunazookoa, zilikuwa zinakaa wapi? Wahasibu watasema zilikuwa zinapotea. Mimi najua zilipokuwa. Zilikuwa pale, kwenye lile benchi la mbao lililobaki kando ya ukuta, mbele ya chaja namba tatu, ambayo Jumatatu ijayo inang'olewa.

Kwa wageni wetu, nieleze kidogo. Sisi ni kampuni ya kufua. Tunabeba mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni, machafu yanakuja, masafi yanarudi. Miaka mitano iliyopita tulipoletewa magari ya umeme, kila gari lilipewa madereva wawili. Gari namba nne asubuhi lilikuwa la Mzee Themanini, mchana lilikuwa langu. Yeye alimaliza zamu saa saba, akalichomeka kwenye chaja namba tatu, akaenda kwake. Mimi nilianza saa nane kasoro dakika ishirini, nikalikuta limejaa, nikaondoka. Hatukuwa hata na sababu ya kujuana.

Wiki ya kwanza tu, gari likanizimikia mlimani, karibu na hospitali, na mzigo wa mashuka ya chumba cha upasuaji. Muuguzi mkuu ananipigia simu, mimi nimekaa pembeni mwa barabara kama mzigo mwingine. Nilivutwa kwa kamba mpaka hapa, watu wakitazama. Kesho yake saa saba nikamsubiri mwenzangu getini. Madereva wenzangu mnakumbuka niliyosema. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba ni mzembe, kwamba kuchomeka waya tu kumemshinda, na kwamba kama amezeeka akapumzike. Mimi ninayesema hivyo, jamani, ananizidi miaka miwili tu!

Alisimama, akanisikiliza mpaka nikaishiwa, akaenda zake. Jioni fundi akaja kuniambia kwamba gari lilichomekwa vizuri kabisa. Chaja ndiyo ilikuwa mbovu, ilijikatia yenyewe baada ya dakika chache, na hakuna aliyekuwepo kuiona.

Je, nilimwomba radhi? Sikumwomba. Nilikuwa na aibu, na aibu yangu ina kiburi, wanaonijua wanajua. Lakini siku iliyofuata nilipofika nilimkuta bado yupo. Zamu yake imekwisha, amekaa kwenye benchi, macho kwenye taa ya chaja. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nitakaa mpaka ifike themanini, dada. Usije ukakwama tena."

Basi akakaa siku hiyo. Akakaa na kesho yake. Mvua ikinyesha, alikaa na mwavuli. Ikijikata, anainuka, anachomoa, anachomeka upya, anarudi kukaa. Hapo ndipo alipopata jina lake, na wengi wenu mlilitoa kwa kumcheka. Mwezi wa pili akaanza kuja na chupa ya chai. Mwezi wa tatu, vikombe viwili.

Na mimi nikaanza kuwahi. Zamu yangu inaanza saa nane kasoro dakika ishirini. Nilikuwa nafika saa saba kamili. Hayupo mtu kwenye kampuni hii anayeweza kusimama aseme amewahi kuniona nikiwahi kitu kingine chochote. Binti yangu yuko pale mbele, ameshaanza kuziba uso, lakini yeye ni shahidi kwamba hata kwenye harusi yake nilichelewa.

Tulikuwa tunaongea nini dakika arobaini kila siku? Mambo ya kawaida tu. Magoti. Bei ya vitunguu. Yeye alinisimulia jinsi mke wake alivyougua mpaka akamzika, na mimi nilimsimulia habari za marehemu mume wangu, ambazo hata ndugu zangu sikuwa nimewaambia zote. Siku nyingine hatukuongea kitu. Tulikuwa tunatazama tarakimu kwenye kioo cha chaja, arobaini na moja, arobaini na mbili, na mimi moyoni namwomba Mungu zisikimbie. Gari la kampuni, mashuka ya wagonjwa yanangoja, na mimi naomba betri isijae haraka. Mkurugenzi, ukitaka kunikata mshahara nikate.

Sasa nifike mahali pagumu.

Miaka miwili ilipopita tangu siku ile ya getini, fundi alibadilisha chaja namba tatu ndani yote. Akabandika tangazo juu yake. Siku hiyo niliwahi kuliko kawaida, nikajiona wa kwanza kulisoma. Na mimi, mama mzima, mjane, mwenye mkwe na mjukuu, nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikalibandua, nikalitia mkobani. Ninalo hapa. Hili. Limechakaa, lakini maneno yake nayajua hata bila miwani: "Chaja hii imetengenezwa. Haijikati tena. Dereva, chomeka uende, hakuna haja ya kusubiri."

Mzee Themanini alipoingia na gari nikamwambia fundi amekuja, amejaribu, lakini haiaminiki. Akaitazama ile chaja. Akasema ni kweli, chaja hizi haziaminiki kabisa. Akakaa. Nikamimina chai.

Miaka mitatu, ndugu zangu. Miaka mitatu nimeishi na uongo huo, nikimwonea huruma mwenzangu anayekaa juani kwa ajili ya ubovu ambao haupo, na nikishindwa kuuacha. Kila siku nilisema kesho nitamwambia aende akapumzike. Kesho ikifika, nakuta vikombe viwili vimeshapangwa.

Wiki iliyopita fundi wetu, ambaye ni binti mdogo lakini mdomo wake hauna breki, alikuwa anaandaa taarifa ya kuzima chaja namba tatu. Akaniita nione. Tangu itengenezwe, haijajikata hata mara moja. Nikajifanya nashangaa. Akanitazama akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia kwamba siku ile ile aliyobandika tangazo, Mzee Themanini alimpigia simu. Alikuwa ameliona asubuhi na mapema, kabla hajatoka na gari. Alipolikuta mchana halipo, alimwomba fundi jambo moja tu: asibandike lingine.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nisamehe, naomba funda moja la maji kwanza.

Mwezi uliopita alikuwa kwenye likizo yake ya mwisho. Gari namba nne lilikuwa linaletwa na dereva mwingine, kijana mzuri tu, anachomeka, ananipungia mkono, anaenda. Nilikuwa nafika saa saba kama kawaida. Miguu imezoea. Nilikuja na chupa yangu mwenyewe, nikamimina vikombe viwili, kimoja nikakirudisha kwenye chupa. Zile dakika arobaini ambazo nilikuwa naomba zisiishe, nikawa naomba ziishe. Nimemkumbuka mtu huyu ndani ya yadi hii hii, kwenye benchi lile lile, mpaka nikaona aibu kwa umri wangu. Nilikuwa nikisikia gari linaingia najua si yeye, kwa sababu yeye hupunguza mwendo kabla ya geti, lakini bado nageuka.

Mzee Themanini, sasa nasema na wewe. Wengine mtuvumilie.

La kwanza ni radhi. Miaka mitano iliyopita nilikutukana getini bila kosa, mbele ya watu. Ndiyo maana naomba radhi mbele ya watu. Hukuwa mzembe. Sijawahi kufanya kazi na mtu makini kama wewe, na tangu siku ile sijakwama tena, mlimani wala kwingineko.

La pili, nilijua. Ulijua. Kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake na ukweli ambao wote tulikuwa nao mfukoni. Tumepoteza miaka mitatu tukiitazama taa ya chaja kwa sababu hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Najua mwanao anakungoja na chumba kimeshapakwa rangi. Sina haki ya kukuzuia. Lakini sitaki upande basi ukidhani kwamba huku hakuna anayekungoja. Yupo. Ana bega bovu na mdomo mrefu, na anakupenda.

Makofi ya nini, akina dada? Tulieni, namalizia.

Mkurugenzi, kwenye ratiba imeandikwa kwamba nikishuka hapa nitachomeka gari la kwanza kwenye chaja mpya, mgeni rasmi ashuhudie, wapiga picha wapige. Naomba heshima hiyo apewe dereva wa magari ya mikate, maana yeye ndiye mwenye haraka. Mimi gari namba nne nitalichomeka kwenye chaja namba tatu, pale ukutani. Fundi ameniahidi hataigusa mpaka Jumatatu. Gari liko asilimia kumi na moja. Msiniulize limefikaje huko. Asubuhi nimelizungusha mji mzima bila mzigo, kiyoyozi kimewashwa, redio imewashwa, madirisha wazi.

Itachukua dakika arobaini. Chai iko kwenye chupa, vikombe viko viwili, na benchi nimelifuta. Sizuii mtu kupanda basi la kesho, ila nimeulizia kituoni: la keshokutwa lipo, na la wiki ijayo lipo.

Nakushukuru Mheshimiwa mgeni rasmi kwa kutufungulia yadi, nakushukuru Mkurugenzi kwa dakika tano ambazo nimezila mara tatu, nawashukuru madereva wenzangu kwa kunituma. Asanteni nyote kwa kunisikiliza kwa uvumilivu. Mimi natangulia benchini.